Kwa Nini Sikuitia Saini Karatasi ya Bwana Kalamu

Amu, Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri

Kwa dada yangu Mwanamisi, Vanga

Assalaam aleikum, dada, wewe na wote waliomo chini ya paa lako. Kabla sijalijibu hata neno moja la barua yako, nijibu wewe langu: goti unalikanda kwa yale mafuta niliyokupelekea, au umeyapanga kabatini ili wageni wajue una ndugu hospitalini? Nakujua. Na kikohozi cha mwanao wa mwisho kimekwisha, au bado anakohoa kama mzee anayetaka kupishwa msikitini? Mimi ni mzima, tena nimepitiliza. Nimenenepa hata suruali ya kaki niliyorudi nayo vitani haifungi, kifungo chake kimekata tamaa. Watu wa Amu wananipenda. Nikipita sokoni nasikia, "Huyo, huyo, Kombo wa hospitali," na wengine hujipa maumivu ya mgongo papo hapo ili wapate kuzungumza nami. Mimi nimefika Kolombo, nimefika Bama, nimelala Bombay siku mbili nikila chapati za Wahindi mpaka wakaniuliza nina matumbo mangapi, lakini mji ulioijua thamani yangu upesi ni huu.

Shemeji Hamza, najua ni wewe unayeisoma barua hii kwa sauti huku dada akikuna nazi. Nakuapisha usiruke mstari wala usitie wako. Mara iliyopita ulimsomea kwamba nimeacha sigara, nami sikuandika hivyo.

Barua yenu nimeipata Ijumaa. Dada, umesema, "Kombo, nimekulea kwa mikono yangu tangu mama alipotuacha, sijakuomba kitu. Tia saini uombe radhi, karatasi haina meno." Na chini yake shemeji ameongeza kwa hati yake kwamba mkubwa ni mkubwa hata akisinzia. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili kicheko kikaisha, ya tatu nikaikunja nikaitia kwenye kofia. Lakini imefika imechelewa siku moja. Alhamisi nilikwisha kukataa. Sikutia saini, na hata ungekuja wewe mwenyewe na goti lako hilo ukasimama mlangoni, nisingetia. Kaa basi nikueleze tangu mwanzo, maana barua yangu ya mwezi uliopita niliiandika na hasira, nikakupa mkia nikakunyima kichwa.

Hospitali yetu ni ndogo. Tuna daktari mmoja Mzungu ambaye nusu ya siku zake hayupo, yuko visiwani au ng'ambo, na akiondoka mkubwa wetu ni msaidizi wake. Msaidizi huyu hutia kalamu tatu kwenye mfuko wa shati, nyeusi na ya buluu na nyekundu, ndipo nikamwita Bwana Kalamu, na sasa mji mzima unamwita hivyo. Hilo ndilo kosa langu la kwanza kwake, na sikatai. Ni mtu wa bara, amesoma mpaka vitabu vikamchoka, na si mtu mbaya. Mtoto akilia kwa sindano humbeba mwenyewe amtembeze uani. Ila ana maradhi mamoja: akishaandika jambo, halibadiliki tena, hata mgonjwa akibadilika.

Mimi ni nesi wa daraja la pili. Nafunga vidonda, napiga sindano, napima joto na mshipa, naandika kwenye chati. Wodi ya wanawake siingii. Huku, dada, mwanamume kuwaingilia wanawake wa watu ni jambo zito kuliko kwetu Vanga, na nesi wa kike tuliyekuwa naye aliolewa akahamia Mombasa, hajaletwa mwingine. Kwa hiyo mlangoni pana pazia la kitambaa cha marekani. Mimi nasimama huku na saa yangu, na kule ndani yuko Bi Esha.

Bi Esha ni mjane wa mtaa wa Langoni, mfagiaji wetu, umri wake kama mama angekuwa hai. Hajui kusoma herufi hata moja. Mimi naye tumejitengenezea kazi yetu. Namwambia atazame nini, anatazama, ananiambia, naandika. Kuhesabu mshipa nimemfundisha kwa tasbihi: mimi nasema "Haya," yeye kidole kimoja kiko kwenye mkono wa mgonjwa na mkono wake mwingine unapitisha punje moja kwa kila pigo, mpaka dakika iishe niseme "Basi." Kisha ananitajia punje. Mtu mwenye afya hazimalizi punje zake tisini na tisa. Bwana Kalamu aliyajua yote haya, na siku yalipompunguzia kazi hakuyakataza.

Jumatano moja daktari alivuka kwenda Kililana kuchanja watu ndui, arudi kesho yake. Kabla ya adhuhuri akaletwa kwa punda mwanamke kijana kutoka Matondoni, ameshikwa huku na huku. Jina lake Sauda. Babake fundi wa kuunda vyombo vya bahari, alikuja na vumbi la mbao ndevuni, maana aliitwa kazini. Sauda mwenyewe ameolewa mwaka huu, na siku mbili hizo alikuwa kwenye arusi ya binamu yake. Alikuwa akiimba na wenzake, akashika tumbo, akaanguka.

Bwana Kalamu akaja. Sauda akatoa mkono kwenye pazia, Bwana Kalamu akautazama kucha, akaushika mshipa kidogo tu. Akaomba mtandio ufunuliwe kiasi cha mdomo, akatazama. Akatoa kalamu ya buluu akaandika: homa ya malaria na uchovu wa arusi, damu anayo ya kutosha, apewe kwinini, kesho aende kwao. Akaenda kula chakula cha mchana.

Mimi nikapitisha kipimajoto kwa Bi Esha. Kikarudi. Dada, malaria inayoangusha mtu huja na moto, lakini kipimajoto hakikufika hata pale pa mtu mzima.

"Bi Esha, umemtia kwapani sawasawa?"

"Miye natia watu vipimajoto tangu weye huyazawa."

"Kabla sijazaliwa? Miaka miwili tu, na mimi ndiye niliyekufundisha."

"Basi nimekosa kufundishwa. Huyu ni baridi, bwana. Baridi, na mai yanamtoka kama ametoka kuoga."

"Haya, shika tasbihi."

Nikatazama saa. Dakika ilipoisha nikasema basi, nikangoja. "Punje ngapi?" Akasema, "Imekwisha yote, nimeanda tena hata thalathini na moja." Nikamwambia arudie. Akarudia, ikawa thelathini na nne. Kuanda kwao ni kuanza. Maana yake, dada, moyo wa yule kijana ulikuwa unakimbia kama mtu anayefukuzwa.

Hapo nikaanza kufanya kazi ambayo, kwa mujibu wa karatasi, si yangu. Nikauliza, "Kucha zake rangi gani?"

"Nyekundu. Ni hina ya yuzi, nzuri, imekoza."

"Midomo?"

"Nyekundu. Tambuu."

"Ulimi?"

"Bwana, mtu ametoka arusini, ulimi utakuwa na nini? Tambuu."

Fikiri nami, dada. Mwanamke wa Amu siku ya arusi hupakwa hina vidoleni na kuchani na nyayoni, na mdomoni hutafuna tambuu kutwa. Vitabu vya Bwana Kalamu vinasema tazama kucha, tazama midomo, tazama ulimi, ukiona wekundu damu ipo. Naye alitazama, akaona wekundu, akaandika. Alikuwa amesoma mapambo. Miezi mitano yuko Amu, hina anaiona kila siku, na labda kwa kuiona kila siku ameacha kuiona. Nikajiuliza mwili huu umebakiza wapi mahali ambapo haukupambwa.

"Bi Esha, mvute ukope wa chini. Usitazame wanja, tazama ndani kabisa. Pana rangi gani?"

Akavuta. Aliposema, hakunitania wala hakuniita bwana. "Kweupe, Kombo. Kama nyama ya dafu."

Kisha mamake mgonjwa, aliyeingia naye, akasema, na yeye hakuwa akisema nami, alikuwa akimnong'oneza Bi Esha, lakini pazia si ukuta: "Na bega lake la kushoto. Analilia tangu asubuhi. Nimemkanda, nimemkanda, haliachi."

Wallahi bega la namna ile nilikwisha kulikuta kabla. Sababu yake nitakwambia mbele. Nikasema, "Bi Esha, muulize mambo ya mwezi. Muulize taratibu."

"Nyamaa. Hayo nimemwuliza kitambo, si maneno ya kupaza."

"Akasemaje?"

"Amepitisha miezi miwili. Mumewe hana habari. Alitaka amwambie arusi ikisha."

Basi nilikuwa nayo yote mkononi. Joto hakuna. Mshipa unakimbia. Jasho la baridi. Weupe ndani ya ukope. Tumbo linauma, bega linauma ambalo halijagongwa. Mimba changa. Haya hayapatani na malaria, dada, lakini yanapatana yenyewe kwa yenyewe. Ile mimba imekaa pasipo mahali pake, imepasuka, na damu inamwagikia ndani ya tumbo, haionekani nje hata tone. Nikamwambia Bi Esha asimpe kitu cha kunywa, ainue kitanda upande wa miguu kwa matofali, na kwinini ile aiweke.

Usidhani nilikimbilia mashua. Kwanza nilikwenda kwa mkubwa. Nikagonga nyumbani kwake, akatoka dirishani na kitambaa cha kulia kifuani. Nikamweleza kwa adabu, kofia mkononi.

Akasema, "Kucha nimeziona mwenyewe. Nyekundu."

"Ni hina, bwana. Ndani ya ukope ni kweupe."

"Nani ameona?"

"Bi Esha."

"Mfagiaji." Alilisema pole pole, kama mtu anayesoma jina kwenye barua isiyo yake. "Kombo, mimi nimesomea miaka, wewe umesomea vidonda, yeye amesomea ufagio. Kazi yako ni kutenda. Kuwaza niachie mimi."

"Basi njoo umtazame wewe, bwana, dakika moja."

"Saa nane nitakuja." Akafunga dirisha.

Ilikuwa saa sita na nusu. Saa nane Sauda angekuwa maiti wa kuoshwa. Nikashuka gatini, nikamkuta serahangi, mwendeshaji wa motaboti ya serikali iliyomvusha daktari ikarudi, amelala juu ya kamba. Nikaandika kwenye kipande cha chati: "Daktari, rudi sasa hivi. Mwanamke anavuja damu ndani ya tumbo. Kombo, nesi." Serahangi akauliza, "Nani ametoa amri?" Nikamwambia, "Jina liko hapo chini, soma." Hajui kusoma. Akawasha injini. Hapo ndipo kosa langu lilipo, dada, na nimelikiri kila mahali: mashua ile haiondoki ila kwa amri ya mkubwa, nami nilimwacha yule mtu adhani kuwa ni mkubwa aliyeandika. Kama ningekuwa nimekosea, saa hii ningekuwa Vanga nakukunia nazi.

Daktari alifika na matope ya Kililana kwenye soksi. Aliingia nyuma ya pazia, hakukaa hata muda wa kumaliza sigara. Akatoka akasema, "Chemsha maji." Bwana Kalamu alikuja mbio, akakuta meza imetandikwa. Na kwenye ile operesheni, msikilize Kombo wako: damu ya kumwongezea hatukuwa nayo, basi daktari akaichota ileile ya Sauda iliyomwagika tumboni, tukaichuja kwa shashi ya kufungia vidonda, mikunjo minane, tukaitia dawa isigande, akarudishiwa mshipani mwake. Nani aliyeshika faneli? Mimi. Nani aliyekunja shashi? Bwana Kalamu, na hakukosea hata mkunjo mmoja, nampa haki yake.

Nilipotoka uani, babake Sauda alikuwa amesimama mahali pale pale nilipomwacha. Hakuuliza mengi.

"Imezibwa?"

"Imezibwa, fundi."

"Haivuji?"

"Haivuji."

Akakaa chini mchangani na kanzu yake safi aliyoletewa, akafunika uso. Sasa Sauda yuko kwao Matondoni, amenona, na mumewe ameniletea kamba kochi wawili wakubwa kama paka.

Ungedhani mambo yameisha hapo. Bwana Kalamu aliona aibu, na mtu mwenye aibu ni mzito kuliko mwenye hasira. Akaandika kurasa nne kwamba nimemvunjia heshima. Daktari akaniita akaniambia, "Kombo, ulikuwa sawa. Lakini wote wakianza kutuma mashua wapendavyo, mimi nitafanyaje kazi? Tia saini hii, iishe." Karatasi imepigwa taipu, maneno yake matatu tu. Kwanza, kwamba nilituma mashua bila ruhusa. Pili, kwamba nilimchunguza mgonjwa kwa mkono wa mfagiaji asiye na elimu. Tatu, kwamba nakubali kazi ya nesi ni kutekeleza aliyoambiwa, kuamua maradhi si kazi yake, na sitarudia. Nikasema nipewe mwezi mmoja. Ndipo nikakuandikia ile barua ya hasira.

Sasa nikwambie lile la bega, na shemeji lisome polepole. Hili sijamwambia mtu tangu nirudi vitani.

Bama tulikuwa na askari mmoja Mkamba, kijana mcheshi kuliko hata mimi. Alianguka kutoka juu ya lori. Hana jeraha, hana damu, anatembea. Akaja kwangu akasema bega lake la kushoto linamuuma. Nami, Kombo hodari, nikamlaza nikamkanda bega. Nilimkanda kwa mafuta makali mpaka hema zima likanuka, huku namtania kwamba lori limemtema kwa sababu hajui kukaa kiungwana. Akacheka. Akasema, "Basi, rafiki, imepoa kidogo." Jua halijachwa akawa amekufa. Daktari wa jeshi akampasua, bandama imepasuka, tumbo limejaa damu. Damu ikikusanyika tumboni hugusa kile kiwambo kilicho chini ya mapafu, na maumivu yake hutokea begani. Mimi sikujua. Lakini mshipa wake niliushika, nikaona unakimbia, na nikaona ana jasho la baridi, nikayatupa yote mawili kwa kuwa yeye alisema bega.

Palikuwa na sista mmoja Mskochi, sauti yake kama sajini. Nilidhani atanipiga. Akanikalisha juu ya sanduku la dawa akaniuliza, "Mkono wako ulikuwa begani. Akili yako ilikuwa wapi?" Kisha miezi iliyobaki akanifundisha kila siku: tazama, andika ulichoona wala si ulichodhani, jiulize haya yanapatana na nini, na kimoja kikikataa kupatana na wenzake usikifukuze, kifuate. Mamake yule kijana aliandikiwa kwamba mwanawe ameanguka kutoka juu ya lori. Hakuandikiwa kwamba palikuwa na Kombo.

Sasa unaona, dada. Wanataka niandike kwa mkono wangu kwamba siku ile ya Bama nilifanya vizuri, maana nilitekeleza nililoambiwa, sikuwaza. Na siku ya Sauda nilifanya vibaya. Hapana. Naweza kuomba radhi kwa Bwana Kalamu kwa jina nililompa, kwa mashua, kwa kumtoa kwenye chakula chake. Kwa hili siombi radhi kwa mtu, hata mwenye nyota begani.

Alhamisi tukakutana mezani kwa daktari. Daktari, Bwana Kalamu, na mimi nimevaa ile kanzu uliyonishonea. Nikasema, "Neno la kwanza nalikubali, nitaliandika hata mara mbili. La tatu siandiki."

Bwana Kalamu akasema, "Huwezi au hutaki?"

"Sitaki, bwana. Na ningetaka, nisingeweza."

Hapo Bi Esha akaingia na ufagio. Hakuitwa. Akasimama katikati ya chumba akauliza, "Na miye jina langu limo?" Daktari akamwambia jina halimo, imeandikwa mfagiaji. "Basi mulitaye. Miye nna jina." Akataja lake, na la babake, na la babu yake. Akaniuliza mimi lile neno la tatu linasemaje, nikamwambia linasema kazi yetu ni kutenda, kuwaza si kwetu. Akamgeukia Bwana Kalamu, si kwa ukali, kama anayemuuliza mwanawe.

"Na huu mkono wangu ulovuta ukope ule, mwanangu, ulikwenda wenyewe?"

Bwana Kalamu akatazama meza. Akasema, "Kucha zilikuwa nyekundu."

"Zilikuwa nyekundu," nikasema. "Mimi ningeambiwa nitazame kucha peke yake, ningeandika kama ulivyoandika."

Nikairudisha karatasi yao bila kuitia wino. Nikatoa yangu, niliyoiandika nyumbani kwa hati yangu hii ya darasa la nne, kwamba mimi Kombo na Bi Esha tulimtazama mgonjwa, tukamuuliza, tukayapatanisha tuliyoyaona, na kwamba niliituma mashua bila ruhusa, na kosa langu ni mashua tu. Hiyo nikaitia saini. Bi Esha akasema naye anataka kutia kidole chake, lakini wino wa muhuri ulikuwa umekauka. Dada, unajua nani aliyempa wino? Bwana Kalamu. Alifungua ile kalamu nyekundu, akamdondoshea kidoleni, tone moja, akaifunga, akairudisha mfukoni.

Daktari akasema karatasi itakwenda Mombasa hivyo hivyo ilivyo, lakini adabu lazima ipatikane. Jana nimepewa adabu yangu. Niliificha mpaka hapa ili shemeji asikusomee kwanza ukalia kabla ya kusikia kisa. Naondolewa Amu. Baada ya wiki mbili napelekwa Ndau, kisiwa cha mbali huko kaskazini, kwenye zahanati ya chumba kimoja, meza moja na kabati la dawa lisilofunga. Hakuna daktari. Hakuna msaidizi. Daktari hupita huko akipata nafasi, na nafasi haipati.

Nilipopewa barua ya uhamisho nikaisoma mbele ya daktari, nikamuuliza, "Na huko Ndau, bwana, mgonjwa akija, nani atawaza?"

Akatazama dirishani. Akasema, "Wewe."

Nikaiweka barua mezani, nikamwomba aliandike neno hilo. Alicheka, lakini aliliandika, na sahihi yake iko chini.

Bi Esha anabaki na tasbihi yake. Nimemwambia akija nesi mpya amfundishe.

Nisalimie shangazi Mwanajuma, na vitumbua vyake ambavyo Amu nzima haina mfano wake, ingawa huku sisemi. Msalimie mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, mwambie ile fimbo yake imenifaa, sasa siogopi nyingine. Msalimie jirani yetu fundi cherehani, suruali yangu inamngoja. Watoto wako wabusu mmoja mmoja, na yule wa mwisho umtazame ndani ya ukope, uniandikie rangi uliyoiona. Shemeji, wewe nakusalimia kwa kusoma mpaka hapa bila kukohoa.

Barua zenu zipelekwe Ndau, kwa jina langu lote, bila ya cheo.

Mimi ni mdogo wako uliyemlea na akasimama,
Kombo